Barua ya Wazi: Tumbaku ya Mama Zetu Haina Moshi

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia afya ya umma na udhibiti wa tumbaku,
Serikali ya Kitaifa na Serikali za Kaunti,
Jamhuri ya Kenya.

MINTARAFU: WANAWAKE WANAOTUMIA UGORO, TUMBAKU YA KUTAFUNA NA VIFUKO VYA NIKOTINI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja kati ya wale 100,000 waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, na kazi yangu ni kupiga hodi. Nyumba nilizopangiwa nazijua mlango kwa mlango, hata mbwa wake nawajua, yupi wa kelele na yupi wa kuuma.

Barua hii sikutaka kuiandika hadharani. Nimekwisha kuandika mara mbili kwa njia ya kawaida, nikazipeleka barua kwa mkono wangu kwenye ofisi ambayo sitaitaja, kwa maana sina haja ya kumharibia mtu kibarua. Ya kwanza ilipigwa muhuri, nikaambiwa nisubiri. Ya pili, karani alisoma kichwa chake, akacheka kidogo, akaniuliza: "Dada, kwani wanawake wa huku huvuta?"

Hawavuti. Hilo ndilo jambo lenyewe nililoandikia.

Mama yangu hajawahi kutia sigara mdomoni. Lau watu wangemwona nayo angehama mtaa kwa haya. Lakini tangu nipate akili namjua na kijaluba chake cha bati, kifuniko kimechujuka pembeni kwa kufunguliwa na ukucha, ndani mna vyumba viwili, kimoja cha chokaa na kimoja cha tumbaku. Akishaswali alfajiri, kabla hata ya chai, hufinya tumbaku kwa vidole viwili, akaidondoshea chokaa, akaisugua kiganjani kwa kidole gumba mpaka ikalainika, kisha akaipachika baina ya mdomo wa chini na ufizi. Hapo ndipo siku yake huanza. Kabla ya hapo usimsemeshe. Amefanya hivyo miaka arobaini na ushei, na kwenye harusi, sinia ya tambuu ikipita, alikuwa yeye ndiye anayejua popoo ipi ni kavu na ipi bado mbichi.

Mwaka 2021 palepale anapopachika tumbaku palitokea baka jeupe, kama maziwa yaliyogandia. Hakuna aliyeliona kwa kuwa hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Baka likawa kidonda, kidonda kikakataa kupona, na tulipomfikisha kwa daktari wa kinywa, tiba iliyobaki ilikuwa kukata. Alikatwa kipande cha mdomo na kipande cha ufizi. Leo anakula uji na viazi vya kupondwa kwa kijiko cha chai, na huwa ameupa ukuta uso ili wajukuu wasimtazame.

Miaka yote hiyo alikuwa akienda hospitali kwa ajili ya presha, macho na homa. Kila mahali aliulizwa swali lilelile: "Mama, unavuta sigara?" Akajibu ukweli kwamba la, na pakaandikwa La.

Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Swali mnalotuuliza ni swali la wanaume.

Sisemi kwa kubahatisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni wenu wenyewe. Ulionyesha kwamba asilimia 19.1 ya wanaume walikuwa wanatumia tumbaku ya namna moja au nyingine, na wanawake asilimia 4.5. Mtu akikomea hapo atasema hili ni tatizo la wanaume, na wengi hukomea hapo. Shukeni mstari unaofuata. Waliokuwa wakivuta ni asilimia 15.1 ya wanaume na asilimia 0.8 ya wanawake, hawafiki hata mwanamke mmoja katika mia. Shukeni tena, kwenye tumbaku isiyo na moshi: wanaume asilimia 5.3, wanawake asilimia 3.8.

Kwa wanaume, basi, sigara ndiyo kubwa na ugoro ni kitu cha pembeni. Kwa wanawake mambo yamepinduka: kwa kila mmoja anayevuta, karibu watano wananusa, wanabwia au wanatafuna. Kwenye sigara mwanamume amemwacha mwanamke mbali mno, lakini kwenye ugoro wanakaribia kugusana mabega. Sasa mtu mwenye takwimu hizi mezani anawezaje kutengeneza fomu inayouliza sigara tu? Niliwahi kukabidhiwa fomu kama hiyo kwenye kambi ya matibabu ya bure. Nikaongeza kwa kalamu, pembeni, "ugoro?" Katika foleni ya akina mama siku hiyo, pembeni pale palijaa kuliko kwenye visanduku vyao. Mwisho wa siku aliyekusanya fomu alinigombeza kwamba nimezichafua.

Na hata hiyo asilimia 4.5 mimi naitilia shaka, kwa sababu ya namna tunavyoishi. Mkaza mwana hatasema mbele ya mama mkwe kwamba anabwia. Mama mkwe naye hatasema mbele ya mgeni, ilhali tabakelo yake, kile kikopo cha ugoro, iko chini ya mto na kila mtu nyumbani anajua. Ukitaka jibu la kweli sharti ukae, uletewe maji, uulize habari za jino. Jino, ndiyo. Wengi walionifungulia moyo walianzia hapo: jino liliuma, hela ya kung'oa haikuwepo, jirani akasema weka tumbaku kidogo. Jino likafa ganzi, kisha baadaye likang'oka lenyewe, tumbaku ikabaki. Wengine walianza kwa kichefuchefu cha mimba ya kwanza. Wengine kwa njaa ya mchana shambani au kwenye kuponda kokoto, maana ugoro hukata njaa na kumi yako moja haikununulii mkate.

2. Onyo liko kwenye paketi, na ugoro hauna paketi.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliagiza onyo la afya likae kwenye asilimia 30 ya uso wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya uso wa nyuma. Kanuni za mwaka 2014 zikaleta picha. Kampuni ya sigara ya British American Tobacco Kenya ilizipinga kanuni hizo ngazi baada ya ngazi hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Nawapongeza kwa dhati, kwa maana si kazi ndogo kusimama na kampuni kubwa mahakamani miaka yote hiyo.

Lakini twendeni gengeni. Wiki jana nilinunua ugoro wa shilingi kumi. Muuzaji, mama wa umri wangu, aliupima kwa kijiko cha chai kutoka kwenye kopo lililokuwa la maziwa ya unga, akaufunga kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule. Nilipofika nyumbani niliikunjua ile karatasi. Zilikuwa hesabu za kutoa za mtoto wa shule ya msingi, mbili amepata, moja amekosa, na mwalimu ameweka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu. Hilo ndilo onyo pekee jekundu nililoliona kwenye tumbaku ya wanawake wa mtaa wangu.

Hakuna picha ya mdomo uliooza wala maandishi ya Kiswahili, na hakuna mahali pameandikwa kuna nini ndani. Mle kwa kawaida mna majani yaliyokaushwa na kutwangwa, na magadi. Watu hudhani magadi ni ladha. Kazi yake ni ileile ya chokaa ya mama yangu: huifungua nikotini ipenye ngozi laini ya ndani ya mdomo au ya pua kwa upesi. Ndiyo maana mtu akibwia huhisi kichwa kimekaa sawa kabla hajamaliza kutema mate ya kwanza, na ndiyo maana kuacha ni kazi.

3. Mjamzito anakaguliwa kila kitu isipokuwa hiki.

Atapimwa damu, mkojo, uzito na presha, na ataambiwa asinywe pombe. Lakini tumbaku isiyo na moshi wakati wa ujauzito inahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kuzaliwa kabla ya wakati, na hata kuzaliwa mfu. Nimemsindikiza kliniki binti wa miaka ishirini na mbili ambaye mfukoni mwa dera alikuwa na ugoro aliopewa na nyanya yake kwa ajili ya kutapika. Muuguzi alikuwa mwema na alimhudumia vizuri. Hakuulizwa, naye hakusema. Nilinyamaza kwa kuwa ile ilikuwa siri ya mteja wangu, na hadi leo sijui kama nilifanya sawa.

4. Anayetaka kuacha hana pa kushika.

Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa mbadala za nikotini, yaani ubani wa kutafuna na vibandiko vya ngozi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Mimi katika nyumba zangu sijakutana na mwanamke hata mmoja aliyewahi kupewa. Nawaambia waache, wananiuliza "nishike nini badala yake?", nami sina jibu zaidi ya karafuu na maji. Mama yangu, kidonda cha upasuaji hakijakauka, aliniita usiku akanong'ona nimletee kijaluba anuse tu. Anuse tu. Nilikaa naye mpaka adhana.

5. Wajukuu wamepata kijaluba chao.

Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu ndilo pekee ambalo angalau mnalizungumza. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, hapahapa kwetu, ikasema marufuku hiyo haikufuata utaratibu wa sheria, na mabinti wa mjini wakajua kabla ya mawakili. Kisha kuna vile vifuko vyeupe vya nikotini, vya harufu ya mnanaa, katika kikopo cha duara kizuri kama cha poda. Msichana wa chuo alinionyesha anavyotumia. Alivuta mdomo wa chini, akapachika kifuko baina ya mdomo na ufizi. Mahali ni palepale pa mama yangu, pengine hata upande ni uleule. Nikamuuliza kama bibi yake hutumia tumbaku, akashangaa: "Ah! Bibi anatumia ule uchafu, hii si tumbaku."

Waheshimiwa, najua mtakayoniambia, maana mengine nimekwisha kuambiwa.

Mtasema huu ni utamaduni. Ni kweli tambuu ni yetu, na mimi mwenyewe nimebeba sinia lake. Ila chapa ya utamaduni haizuii saratani. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeiweka tumbaku isiyo na moshi katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu: saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Popoo, hata ikitafunwa bila tumbaku, imo kundi hilohilo. Na utamaduni wenyewe huwa tunauzungumzia pale tu anapoumia mwanamke. Wanaume nao walikuwa na utamaduni wa kuvuta sigara ndani ya matatu, mkaufuta kwa sheria, na hakuna aliyelia.

Mtasema sheria haigusi ugoro. Inagusa. Sheria ya 2007 inaeleza bidhaa ya tumbaku kuwa ni ile ya kuvutwa, kutafunwa, kunuswa au kunyonywa. Waliotunga waliwaona mama zetu, na waliokuja kutekeleza ndio waliotazama moshi.

Mtasema wauzaji ni wadogo, wametapakaa, hawafikiki. Jamani, nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na muuza mboga wa mwisho kabisa huku kwetu alibadilika. Ugoro wenyewe ulibadilika: zamani ulifungwa kwenye nailoni, leo umefungwa kwenye daftari la mtoto. Kumbe serikali ilifika hadi kwenye kopo la ugoro, ikakagua kifungashio, ikauacha ugoro.

Lakini hapa nami niseme wazi, kwa sababu sitaki barua yangu itumike vibaya. Simtaki yule mama wa gengeni akamatwe na kanjo, askari wa kaunti. Ana watoto watatu na faida yake haijai kiganja. Mkimrukia yeye, ugoro utaingia uvunguni na mimi sitaingia tena nyumba yoyote. Kama kuna wa kufuatwa ni anayemletea gunia, na yule anayejaza vikopo vya mnanaa kwa wasichana.

Mtasema, mwisho, kwamba wanawake hawa ni wachache. Asilimia 3.8 ya wanawake wazima wa Kenya si wachache. Ni wengi kiasi cha kujaza viwanja vyetu vikubwa vya mpira na kubaki wamesimama nje. Na wachache wasiotazamwa hawabaki wachache.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo.

Badilisheni swali. Kila fomu ya afya, kuanzia ya kliniki ya wajawazito mpaka ya kambi ya matibabu, iulize: "Unatumia tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta, kunusa, kubwia au kutafuna?" Ni maneno machache ya wino. Pesa ya hilo ipo hata kwenye bajeti ya kaunti maskini.

Tuambieni sisi wahamasishaji tutazame midomo. Tunatembea na mkoba, tunapima presha na sukari. Tupeni tochi na mafunzo ya siku moja ya kutambua baka jeupe, baka jekundu na kidonda kisichopona kwa wiki mbili tatu, na mtupe mahali pa kumpeleka mgonjwa akapokelewe. Mama yangu alihitaji mtu mmoja tu mwenye tochi.

Onyo lifike kwenye ugoro. Wekeni bango la picha mahali unapouzwa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, na muuzaji wa jumla alazimishwe kuufunga kwenye karatasi yenye onyo. Redio za hapa Pwani ziko, na akina mama huzisikiliza wakipika.

Kanuni za 2014 zinazitaka kampuni za tumbaku kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye Hazina ya Kudhibiti Tumbaku. Tuelezeni hadharani ni kiasi gani kimekusanywa na kimefanya nini, kisha sehemu yake ilete dawa za kuacha tumbaku kwenye zahanati. Nambari ya simu ya bure ya 1192, ya kuwasaidia waraibu, itangazwe pia kwa watumiaji ugoro, maana mama zetu hujua ni ya walevi na wavuta bangi, na hawatapiga simu kuungana na walevi.

Muswada wa marekebisho ya sheria ya tumbaku wa mwaka 2024, ulioletwa Seneti na Seneta Catherine Mumma, unagusa vile vifuko vya nikotini. Usiruhusiwe kufifia. Na mnapokaa kuuchambua, iteni mezani mwanamke mmoja anayetumia ugoro. Mimi nitamsindikiza na nauli nitajitafutia.

Takwimu ninazozishikilia ni za 2014. Fanyeni hesabu mpya, na watakaouliza wawe wanawake, wamkute mwanamke peke yake, si mbele ya mume wala mkwe.

Tarehe 31 Mei dunia huadhimisha Siku ya Kutotumia Tumbaku. Mwaka 2010 siku hiyo ilihusu jinsia na tumbaku, mkazo ukiwa matangazo yanayolenga wanawake. Naomba majibu yenu yatoke kabla ya 31 Mei ijayo, yatoke hadharani kama barua hii, na mtakaposimama jukwaani siku hiyo, pembeni ya ile sigara kubwa ya karatasi inayovunjwa kila mwaka mbele ya kamera, wekeni na kijaluba. Nitawaazima cha mama. Hakitumiki tena.

Sikuweka jina langu. Si kwa kuwaogopa ninyi. Mama hajui kwamba nimeandika habari za mdomo wake, na nyumba ninazozipigia hodi kesho ni zilezile.

Wenu katika kuujenga umma,

Mhamasishaji wa Afya ya Jamii,
Kisauni, Mombasa.